Nisiguse Spana

Nyumba ya wageni, mkabala na mizani ya malori
Jumatano, 5 Juni

Mke wangu Mama Nyuki,

Pokea salamu za mumeo, mzima wa kichwa, mzima wa mapaja, mzima wa kila kitu. Nyuki naye mzima, yuko nje anapaka cheni mafuta, amesema nikuamkie kwa niaba yake. Goti lako linaendeleaje? Na ile cherehani bado inagoma, au imeona sipo ikapata adabu? Nisalimie majirani wote isipokuwa yule unayemjua.

Kwanza usinisumbue habari ya kupiga simu. Simu ya Nyuki nimeishika mara mbili, nikakusikia unanong'ona humo ndani kama mchumba aliyefichwa uvunguni. Zamani mtu alipiga simu ukamsikia mpaka anavyomeza mate. Siku hizi wanatengeneza vitu ovyo. Kwa hiyo naandika. Mwandiko wangu unaujua, kuku kapita kwenye majivu, lakini kuku huyu anajua anakokwenda. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi. Jibu lako lipeleke ofisi ya basi, waniachie kituo cha daraja la reli.

Sasa habari za barabara. Kuna watu pale mtaani walisema mzee huyu hatavuka hata kiwanda cha matofali. Waambie nimekivuka nikiwa napiga mluzi. Hii baiskeli yangu nyeusi ni mzee mwenzangu, haina mchezo. Yeye Nyuki yuko na ule mkokoteni wake anaouita baiskeli, aliouunga kwa mabaki ya baiskeli za marehemu, mbele rangi hii, nyuma rangi ile. Mizigo yote kaibeba yeye. Nilitaka tugawane, akakataa, mimi nani nibishane na mtu mwenye kiburi. Sijui kakitoa wapi.

Narudia masharti ya dau, maana siku ile ulikuwa jikoni unacheka, usije ukasema hukusikia. Nikigusa spana, koleo, hata bisibisi, kwa jambo lolote la baiskeli hizi mbili kabla hatujafika kwa mdogo wangu, basi karakana ni ya Nyuki, na ubao wa juu ya mlango aandike atakalo. Akiniomba msaada wa ufundi hata mara moja, karakana namuuzia Mzee Vipuri, aliyeitaka siku zote iwe duka lake, na yeye Nyuki arudi kwenye kaunta ya duka la vitambaa alikokuwa, akae kivulini kama mabinti wa watu. Tumefuta mikono kwa tambara moja. Katika ufundi hakuna mkataba mkubwa kuliko huo.

Na nilichosema sikifuti. Pancha mtu yeyote ataziba. Kunyoosha ringi ni jambo jingine, kunataka sikio. Unaigonga spoku, waya mwembamba tu, kwa ukucha, inakwambia yenyewe kama imekaza au imelegea. Sikio hilo mimi nimezaliwa nalo.

Pancha ya kwanza imetupata kabla jua halijawa kali, na ni yangu. Nikakaa juu ya jiwe, viganja nimevikalia, ili shetani asinishike mkono. Akaivua tyubu, akaijaza upepo, akaipitisha karibu na shavu lake polepole kama mtu anayenusa mtoto mchanga. Nikamwambia tundu linasikilizwa, haliwekewi shavu. Akasema, "Baba, kila mtu na shavu lake." Akalipata. Kiraka kakikata vibaya, pembe zake hazikuwa za mviringo mzuri. Lakini tairi limekaza mpaka sasa, nalo si jambo la kuficha.

Mapaja yangu ni chuma. Nalala mapema kwa hiari yangu.

Ni mimi mumeo,
Baba Nyuki


Nyumbani
Ijumaa, 7 Juni

Mume wangu Baba Nyuki,

Nakusalimu wewe na hayo mapaja yako ya chuma. Mimi sijambo, goti linapanda na kushuka kama bei ya sukari. Cherehani imepona. Nyuki alinielekeza kwa simu, nikafungua kijisahani cha chini, nikatoa nyuzi zilizokuwa zimejisokota humo tangu mwaka juzi. Wewe ulisema mota imekufa. Haina hata mota, mume wangu, ni ya miguu.

Ya kwanza. Mzee Vipuri alikuja jana na utepe wa kupimia, akaanza kuupima mlango wa karakana yako. Nikatoka na mkasi wangu mkononi, nikamuuliza, "Unapima sanda ya nani?" Akasema, "Shemeji, naangalia tu kama rafu zangu zitapita." Nikamwambia rafu zake azipitishe kwake. Lakini anataka jibu kabla mwezi haujaisha, la sivyo atachukua chumba kingine kule sokoni. Mimi nimesema nangoja neno lako.

Ya pili itakuuma kidogo, nakwambia kwa sababu nakupenda. Muuza maziwa amekuja na gurudumu linayumba kama mlevi. Kauliza, "Fundi yupo?" Nikamwambia mzee amesafiri. Akasema, "Najua mzee amesafiri, mama. Nauliza fundi." Nilipomwambia na Nyuki hayupo, kaiburuta baiskeli yake, kasema atatembea kwa miguu mpaka arudi. Anatembea kweli. Maziwa yanatufikia mchana.

Ya tatu. Nyuki kanipigia, kasema mlipopanda mlima wa kwanza ulikwenda kama swala. Nimelala kitanda kimoja nawe maisha yangu yote, swala huyo sijawahi kukutana naye. Nadhani swala alikuwa na mkono wa mtu mgongoni unamsukuma. Mwanao hawezi kusema. Sema wewe.

Sasa niambie jambo moja, uache habari za pembe za kiraka. Mtoto anafanya vizuri? Na kama anafanya vizuri, umemwambia?

Kunywa maji. Kofia uivae kichwani, usiitundike kwenye usukani.

Mkeo,
Mama Nyuki


Kituo cha basi, daraja la reli
Jumatatu, 10 Juni

Mke wangu Mama Nyuki,

Salamu tena, na shukrani kwa barua, nimeisoma mbele ya wapiga debe wote kwa sauti, nikaruka palipo na swala. Sisi wazima. Nyuki ameungua pua kwa jua, ukimwona utadhani kaonja chungu kabla ya wageni.

Huo mkono wa mgongoni ulikuwapo, lakini ni yeye aliyekuwa akijishikilia kwangu ili asianguke. Tuyaache hayo.

Muuza maziwa hana akili, mwambie nimesema.

Umeniuliza kama anafanya vizuri. Nitakuambia wewe, yeye sijamwambia, kwa sababu mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sikiliza. Jana tumefika hapa darajani tukamkuta muuza mikate kasimama katikati ya njia, sanduku la mikate juu ya keria, analia kama mtu aliyefiwa. Ile pini inayoshika mkono wa pedeli imekatika. Mkono unazunguka peke yake, baiskeli haiendi. Duka la vipuri hakuna, na mikate inakauka. Mimi nilishajua la kufanya, nikavikalia viganja vyangu.

Nyuki kashuka kwenye baiskeli. Kaingia kwenye mfuko wake, katoa bolti. Bolti tu, la kitanda au la nini sijui. Akachukua tupa, akapiga goti kwenye kokoto za reli, akaanza kulichonga upande mmoja, anachonga, anajaribisha, anatoa, anachonga. Watu wakajaa. Mlinzi wa reli kaacha kibanda chake. Kijitu kimoja cha mzaha kikaniambia, "Mzee, binti anachafuka na wewe umekaa kama bwana harusi?" Nikamwambia, "Mimi ndiye mwalimu. Mwalimu hamfanyii mwanafunzi mtihani." Wakacheka. Kikasema tena, "Basi mwalimu, hilo bolti litaingia?" Nikasema litaingia. Moyoni nilikuwa nasema haliingii, Mama Nyuki. Lilikuwa nene.

Liliingia. Kaligonga mara moja, likakaa kama limezaliwa humo. Muuza mikate kapanda, kazunguka, kapiga kengele. Watu wakapiga makofi, na mimi nikainuka nikapokea makofi hayo, nikainamisha kichwa, maana ni binti yangu. Nikawaambia nimemfundisha mwenyewe. Hapo ndipo nilipoona haya kidogo, kwa sababu kuchonga bolti sikumfundisha. Sikumfundisha mengi. Alikuwa anasimama mlangoni na sare ya shule, namfukuza, anarudi. Kila kitu kakichukua kwa macho, kama paka anavyochukua samaki.

Kwa hiyo ndiyo. Anafanya vizuri. Umeridhika?

Lakini gurudumu lake la nyuma limeniharibia usingizi. Alipokwenda kuoga nimezigonga spoku kwa ukucha, kugonga si kushika spana. Zimekufa. Hazisemi. Nyingine zinatoa sauti ya chini, nyingine hata sauti hakuna, kama kugonga kamba ya kuanikia nguo. Nikamwambia, akasema, "Ziko sawa, Baba. Nimezikagua asubuhi." Ziko sawa vipi, na mzigo wote uko juu ya gurudumu hilo? Mbele yetu kuna mteremko mrefu wa kona. Mkono unaniwasha, mke wangu.

Na kitu kingine kinanitia wasiwasi. Ameacha kuvuma. Unajua tulivyomwita Nyuki kwa ajili ya ule mvumo wake, tangu mchanga hawezi kushika kitu bila kuvuma kwa pua. Tangu tumetoka nyumbani sijamsikia hata mara moja. Labda dau limemwingia moyoni. Labda anaogopa na hasemi.

Jibu liachwe kituo cha mjini, kule chini ya mteremko.

Mumeo,
Baba Nyuki


Nyumbani
Jumanne, 11 Juni

Baba Nyuki, mume wangu,

Salamu kwa ufupi, maana basi linapiga honi. Barua yako imefika sasa hivi, nimeweka nguo ya mteja kando.

Usiguse gurudumu hilo.

Juzi Nyuki alinipigia mkiwa hapo darajani. Alikuwa anakaza kitu, anaongea nami na anavuma, anavuma na kuongea, mpaka nikamwambia achague moja. Na wewe ulikuwa karibu yake, nilikusikia unakohoa. Hajaacha kuvuma, mume wangu. Hajaacha hata siku moja.

Miaka hii miwili nimekuwa nikipandisha sauti, ukadhani nimekuwa mkali. Muuza maziwa anapiga kengele dirishani, unaniuliza mbona leo kachelewa. Wahenga wana neno lao kuhusu sikio lisilosikia dawa, mimi silisemi, kwa sababu lako halijafa, limechoka tu. Lilifanya kazi nzuri. Lakini spoku zilizonyamaza kwako si lazima ziwe zimenyamaza.

Nilitaka kukwambia uso kwa uso. Sasa nimekwambia kwenye karatasi. Nisamehe, na vikalie viganja vyako.

Mkeo,
Mama Nyuki


Shule ya msingi, katikati ya mteremko
Alhamisi, 13 Juni

Mama Nyuki,

Tu wazima. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa. Nyuki kachubuka kiwiko na goti, mwalimu mkuu wa shule hii kamsafisha kwa dawa na katupa darasa la kulala. Mimi sina hata mkwaruzo, na afadhali ningekuwa nao. Barua yako sijaipata, kituo bado kiko mbele.

Jana asubuhi tulifika juu, mwanzo wa mteremko. Nyuki kaenda pampu kuchota maji, foleni ilikuwa ndefu. Mimi nikabaki na gurudumu lile. Nikaligonga, kimya. Nikatazama kona zinavyoshuka chini, nikamwona mwanangu kichwani mwangu anashuka nazo na gurudumu legelege. Mama Nyuki, karakana haikunijia akilini, dau halikunijia. Nilichukua spana ya spoku kwenye mfuko wake, nikazikaza. Nilizikaza moja moja, nagonga, nasikiliza, nakaza tena, mpaka zikaanza kuimba. Nikajiambia, mzee bado yumo.

Akarudi na madumu, kanikuta spana mkononi. Aliangalia spana, akaniangalia mimi. Neno la dau hakulisema. Akachutama, akazibana spoku mbili mbili kwa vidole, akazunguka gurudumu zima hivyo. Akasema, "Baba, naomba nizilegeze kidogo."

Nikamwambia, "Hulegezi."

"Zimekaza sana, Baba. Zitakatika."

"Mimi nilikuwa nazikaza hizi mama yako hajanijua jina. Ukilegeza hata moja, nageuza baiskeli hapa hapa narudi nyumbani."

Akainuka. Halafu kafungua mizigo yote kutoka nyuma, gunia kalifunga mbele kwenye usukani, mzigo mwingine kajibebesha mgongoni. Akasema, "Basi nitangulie mimi, wewe uje nyuma mbali." Nilidhani ananiheshimu. Sasa najua alikuwa anahakikisha kwamba akianguka nisimwangukie.

Alishuka anashika breki kama anayebeba mayai. Kona ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu nikasikia pa. Hiyo nilisikia. Pa, pa, tena pa, na gurudumu likajikunja kama chapati iliyoachwa juani. Lori lilikuwa linapanda. Mwanangu hakupiga kelele, hakuruka, aliuvuta usukani kuelekea kwenye mchanga wa kandokando, akalala na baiskeli ubavu, mzigo ukamfunika. Lori likapita. Dereva katoa kichwa akatukana. Mimi nikatupa baiskeli yangu sijui wapi. Nilimkuta anajikung'uta, ananiuliza mimi, "Baba, hujaumia?"

Nikakaa chini. 

Akatoa maji akaninywesha. Kisha kalivuta lile gurudumu lililopinda, kaigonga spoku moja iliyobaki kwa ukucha karibu na sikio langu. "Unaisikia?" Nikasema naisikia. Akagonga nyingine. "Na hii?" Nikasema hiyo haikugongwa. Akaniambia, "Imegongwa, Baba. Yule kondoo kule amegeuka kunitazama." Hakucheka, na mimi sikucheka. Akagonga tena na tena. Sauti ndogo ndogo zote hazimo tena masikioni mwangu. Nilikuwa nakaza mpaka nisikie, na mpaka nisikie mimi chuma chenyewe kilikuwa kimeshachoka kuishi.

Akaushika mkono wangu kama unavyoushika mkono wa mtoto anayejifunza kuandika, akauweka kwenye gurudumu la baiskeli yangu. "Bana hizi mbili. Sasa bana hizi. Ipi ngumu?" Nikasema hizi. "Basi umesikia," akasema. Mama Nyuki, vidole vyangu vilisikia kila kitu.

Halafu ndipo nilipoona ufundi. Gurudumu langu la nyuma na lake ni saizi moja. Kalivua langu, katoa spoku, moja hapa, moja pale, kwa kupishanisha, hata huwezi kujua limepunguziwa. Ringi lake kaliweka juu ya jiwe, kalikanyaga, kaligeuza, kalikanyaga, mpaka likarudi duara. Kazipanga spoku zangu kwenye mapengo. Alifanya hivyo damu inamchuruzika kwenye kiwiko, kando ya barabara, malori yanatupulizia vumbi, na alikuwa anavuma. Nilijuaje? Niliweka kiganja mgongoni pake. Nimekuwa na karakana maisha yangu yote, na kazi kama ile sijapata kuifanya. Naandika hivyo na sifuti.

Karibu na mwisho ringi likawa linamcheza. Akasema, "Baba, nishikie hapa." Nikamshikia. Akakaza mbili tatu, halafu mkono wake ukasimama. Akaniangalia. Akasema, "Nimekuomba msaada."

Nikasema, nini?

"Ndiyo masharti. Nimeomba msaada wa ufundi. Umeshinda, Baba." Akaendelea kukaza.

Spana niliyoishika asubuhi hakuitaja. Nami sikuitaja. Mdomo wangu huu unaoujua, ulikaa.

Tumelala hapa, kesho tunaendelea polepole. Mzee Vipuri usimjibu kitu. Kwa sheria ya dau ni kweli aliomba. Lakini niambie wewe unavyoona. Andika kwa mdogo wangu.

Mumeo,
Baba Nyuki


Nyumbani
Jumapili, 16 Juni

Mume wangu Baba Nyuki,

Nimeisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyosema, kisha nikasimama nikatembea uani, nikakaa tena. Nashukuru mu wazima. Kiwiko akioshe kila siku. Barua yangu nyingine nadhani umeshaikuta kituoni, na nadhani ulipoisoma ulinichukia kidogo. Ni haki yako, habari hizo zingefaa zaidi kama zingekuja mapema.

Umeniuliza ninavyoona. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Ringi hawakulitaja.

Mwanao alijua wewe ndiye uliyevunja masharti kwanza. Alijua tangu aliporudi na maji. Angesema neno moja tu, karakana ingekuwa yake pale pale, na wewe ungerudi nyumbani mtu aliyeshindwa na sikio lake. Hakutaka kuipata hivyo. Akakungojea umekaa mavumbini, akakuambia umeshinda. Mimi nimemzaa, lakini moyo huo sijui nilimpa saa ngapi.

Siamui. Karakana ni jasho lako, hukuikuta imeota. Uza, usiuze. Mimi nitakupikia vilevile na nitapandisha sauti vilevile. Jambo moja tu: usiniandikie kwamba umeshinda.

Mzee Vipuri anakuja Jumamosi na mashahidi wawili.

Mkeo,
Mama Nyuki


Kwa mdogo wangu
Jumanne, 18 Juni

Mke wangu Mama Nyuki,

Salamu kutoka mwisho wa barabara. Tumefika! Tumefika na magurudumu mawili yaliyogawana spoku kama ndugu wanavyogawana shuka, na wanaojua kazi wamechutama kuyatazama. Mdogo wangu mzima, kanenepa, watoto wake wanakuamkia. Barua zako nimezisoma zote mbili. Ya kituoni niliikunja nikaikalia nusu siku. Kisha nikamwomba Nyuki avume, nikaweka mkono mgongoni pake, nikaisoma tena. Siko na hasira. Ukitaka kupandisha sauti pandisha, lakini usipandishe na nyusi.

Sasa sikiliza nilivyofanya, maana hakuna mtu mwingine angefanya vizuri kama mimi.

Jana tumekaa mezani, nyumba imejaa, mdogo wangu akaanza maneno yake. "Kaka, tumesikia kuna dau. Nani kashinda?" Nyuki akawahi: "Baba kashinda. Niliomba msaada njiani." Anasema hivyo huku anajipakulia chakula, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Wakanishangilia. Mdogo wangu akanipiga begani, akasema, "Simba hazeeki!"

Nikapiga meza. Nikasema simba kazeeka. Nikawaambia spana nilishika mimi asubuhi ile, yeye akaomba mchana, na asubuhi hutangulia mchana katika nchi zote. Nikawaambia nilizikaza spoku kwa sikio lisilosikia, nikamkatalia alipotaka kuniokoa, karibu nimuue mtoto wangu wa pekee kwa ujuaji. Nikawasimulia bolti la muuza mikate. Nikawasimulia ringi juu ya jiwe. Nilisimulia mpaka chakula kikapoa, mdogo wangu akasema, "Kaka, hata siku ya harusi yako hukumsifu mtu hivi." Nikamwambia siku ile sikuwa nimeona kazi. Usikasirike, mke wangu, ilikuwa inanoga.

Nyuki aliangalia sahani yake muda wote. Ungemwona masikio yake, yameiva kama nyanya. Hayo ya mgema na tembo nimeyaacha. Alilosifiwa hili halina pa kutiwa maji.

Nilipomaliza nikamgeukia. Nikamwambia, "Karakana ni yako tangu asubuhi ile ya pampu. Nimechelewa kukupa siku hizi chache, nazo uniwie radhi. Sasa nina ombi. Natafuta kazi."

Meza nzima ikatugeukia. Nyuki akafuta mdomo, akakaa vizuri, akakunja uso kama karani wa serikali.

"Umewahi kufanya kazi hii, mzee?"

"Kidogo."

"Mwajiri wako wa mwisho alikuwa nani?"

"Mtu mmoja mbishi. Hakumsikiliza mtu."

"Na masikio?"

"Sina. Lakini nina vidole."

Akavitazama vidole vyangu muda mrefu, Mama Nyuki, na macho yake yakajaa machozi, akajifanya anacheka. Akasema, "Tutakujaribu mwezi mmoja. Unaanza tarehe mosi. Asubuhi mapema, na usilete ubishi."

Kwa hiyo Mzee Vipuri akija na mashahidi wake, watilie chai wanywe, wasije wakasema tumewafukuza na njaa. Halafu uwaambie mwenye karakana yuko safarini, na mimi sina mamlaka, mimi ni kibarua. Na muuza maziwa mwambie anajua watu.

Tunaondoka kesho alfajiri. Mdogo wangu ametaka tupande basi, nimemwambia basi ni la wagonjwa. Mizigo tumegawana. Nitajitahidi kukanyaga, maana mwajiri mwenyewe ndiye niliye naye barabarani, na nikichelewa hakuna uongo nitakaomdanganya nao.

Mumeo,
Baba Nyuki